Kiti cha Dirishani

Karakana yetu ya ushonaji ilikuwa na dirisha moja na mafundi watatu: mimi, wifi yangu, na dada mshonaji wa suruali tuliyemwita Mkasi kwa ukali wa ulimi wake. Kila Jumatatu tulipiga kura. Vifungo vitatu mfukoni, kimoja cheupe. Atakayekitoa anakaa penye mwanga wiki nzima. Mfuko aliushika wifi. Ningemshukuje? Ndiye aliyenishika mkono siku tulipomzika mume wangu, kaka yake.

Jumatatu kumi na moja mfululizo nilitoa cheusi. Kule pembeni giza, na macho yangu nayo yameshakula chumvi. Kola mbili nilizoshona zikapinda. Mwenye karakana akasema ya tatu ikipinda, nikapumzike nyumbani.

"Pole wifi," wifi akanifariji. "Bahati haina mwenyewe."

Jumapili nikatia maharage matatu kikombeni, jeupe moja. Nikafumba macho, nikachota mara kumi na moja, kila mara nikirudisha. Jeupe likaja mara nne. Nikaanza upya: mara tatu. Upya tena: mara mbili. Nilirudia mchezo ule mara ishirini, mgongo ukaniuma, na hata mara moja jeupe halikunikwepa moja kwa moja. Lakini bahati mbaya ipo, wajukuu zangu, na mtu hahukumiwi kwa maharage.

Kesho yake nikachota wa kwanza. Cheusi. Nikampokonya wifi mfuko, nikaukung'uta mezani. Kikaanguka kimoja tu, cheusi.

"Kitendawili!" nikawategea.

Wakatazamana.

"Mkasi, leo ulimi umeupeleka wapi?"

"Tega, mama."

"Vimeingia vitatu, vimetoka viwili, mfuko mtupu."

Mkasi akafumbua kiganja. Cheupe kilikuwa humo, kimelowa jasho.

"Wiki hii ilikuwa zamu yangu," akasema, macho sakafuni.

Zamu! Kumbe wenzangu walikuwa na zamu.

"Na yangu, wifi?"

"Usinune. Wewe kola zako zitapinda hata ukikaa juani. Sisi bado tuna watoto wadogo."

Nikabeba kiti changu hadi dirishani, nikashona kola ya siku hiyo taratibu, wote wawili wakinitazama. Ikanyooka kama rula. Nikaiweka mbele ya mshika mfuko.

"Kagua, fundi."

Neno wifi halijanitoka tena mbele yake mpaka leo.