Ndege Yenye Mlango wa Ng'ombe Mwingine

Kwetu mtu akifa, jina lake linakwenda naye. Ndugu zake hawalitaji tena, na kama bomani kuna mtoto aliyepewa jina hilo, anatafutiwa jingine. Ndiyo maana sitaliandika hapa jina nililokuwa nalo mpaka mwaka 2003. Lilikuwa la kaka yake babu, aliyekwenda vita vya Hitla akapotea. Aliyepotea si aliyekufa, kwa hiyo nilipewa kihalali kabisa, na nililizoea.

Babu yangu, Koisaba, alichukuliwa na Mwingereza pamoja na kaka yake huyo, kutoka huku huku mbugani Handeni. Wakapelekwa jangwa la Libya kubeba masanduku ya risasi, na huko Wajerumani wakawateka. Kaka mtu alikuwa ameumia nyonga. Alipakiwa kwenye ndege pamoja na majeruhi wengine, na babu, kwa kuwa alikuwa mzima, akabakizwa kupakua mapipa ya mafuta. Ndege ikaruka. Vita vikaisha, babu akarudi peke yake. Mwingereza hakuleta neno lolote, na serikali yetu ilipokuja ilikuwa na mambo yake mengine.

Aliyeumia zaidi ni Siamanta, dada yao wa mwisho. Mama yao alifariki mapema, na kaka huyo ndiye aliyemlea, akimbeba mgongoni kwenda naye machungani. Bibi Siamanta hakunyoa nywele kama wafanyavyo wafiwa, hakuvua shanga. Watu husema subira yavuta heri. Ya bibi ilivuta mvi tu. Ila alikuwa na lile jina, kwa sababu mimi nilikuwa nalo. Aliniita hata pasipo na haja. Ataniita toka ng'ambo ya boma nimletee kigoda, nifike nimkute amekikalia. Nilipokuwa kijana mdogo nilikereka mno, nikamwambia wazi kwamba mimi si mbuzi wa kuitwa kutwa nzima. Alicheka, akaniita tena.

Mwaka huo wa 2003 nilikuwa Korogwe, nikifanya kazi kwenye chumba cha kompyuta cha Abraham, karibu na stendi. Abraham ni mjukuu wa manamba wa mkonge. Shamba lilipouzwa, baba yake akaachishwa kazi, na yeye akaingia mjini, akanunua kompyuta za mtumba, akaandika mlangoni kwa rangi nyekundu: UTANDAWAZI NI HUMU. Wateja walikuwa wachache na kompyuta zilikuwa na mchezo wa kurusha ndege, basi nikawa narusha.

Wazungu wapenzi wa mchezo ule wana kichaa chao. Hawatosheki kurusha ndege tu. Lazima iwe na rangi ileile iliyokuwa nayo vitani, mpaka kiraka. Rangi hiyo wanaiita ngozi. Mtu anachora ngozi, anaiweka kwenye tovuti yao, wenzake wanaichukua na kuivalisha ndege zao. Siku niliyoiona ile Junkers ya Wajerumani, injini tatu, moja ikiwa puani, na mwili wa mabati yenye mikunjo, niliijua palepale. Babu alinisimulia ndege hiyo tangu sijajua kuvaa viatu. Ngozi za Junkers zilikuwepo nyingi, ila ya babu haikuwepo.

Jicho lake la kushoto lilikuwa limeshafungwa na mtoto wa jicho, na la kulia lilikuwa njiani. Nikaamua nimchoree aione kabla ya giza. Sikuwa na nia nyingine, na mtu asiniambie kwamba nilipaswa kufikiri mbali zaidi.

Nilimkuta lamboni, ng'ombe wakinywa. Nilimuuliza ndege ile ilikuwa na rangi gani. Akaona swali la ajabu, maana rangi zote zilikuwa mbele yetu.

"Mgongo ni yule mtamba," akanyoosha fimbo kwa mtamba wa rangi ya mchanga, aliyekuwa anatoka majini. "Mabaka ni ya yule mama yake. Tumbo ni la yule fahali wa kijivu. Karibu na mkia ilizungushiwa mkanda mweupe."

"Na mlango, babu?"

Akashusha fimbo. "Mlango ulikuwa wa ng'ombe mwingine. Kijani kitupu, kama samadi mbichi, hauna hata baka. Wao waliutoa kwenye ndege iliyokufa, wakaubandika pale. Nilimshika kaka yangu mkono hapo mlangoni, layoni, kijana wangu. Mjerumani akautoa mkono wangu."

Nikarudi Korogwe nikachora. Nilipomletea picha iliyochapwa, aliisogeza kwenye jicho lake la kulia, akasonya. Akasema hao ni ng'ombe wakavu. Yeye alinionyesha ng'ombe waliolowa, maana ndege ile aliiona alfajiri, mabati yake yakiwa na umande, na mimi na shule yangu yote nikaenda kupaka ng'ombe wa saa saba mchana. Wachungaji wote waliokuwepo walinicheka. Nikaenda nikaongeza giza kwenye kila rangi mpaka mtamba akalowa.

Kazi ilipokwisha niliiweka kwenye tovuti. Nilikuwa naringa, nasema ukweli. Baada ya siku chache mzee mmoja wa Ucheki akaniandikia. Alinisifu sana, kisha akauliza nimeipata wapi ndege ile, maana mlango ule wa kijani unaonekana katika picha moja tu duniani, iliyopigwa na fundi kiwanjani asubuhi ya safari yake ya mwisho. Akaeleza, kwa furaha ya mtu anayezungumzia anachokipenda, kwamba ndege hiyo iliruka na majeruhi na wafungwa, ikatunguliwa baharini kabla ya kufika kisiwa cha Krete. Hakupona mtu. Kazi nzuri sana, akamalizia.

Nilimchukia yule mzee wa watu. Nilizima kompyuta, nikaapa sitasema. Bibi Siamanta alikuwa amebakiwa na jino moja na jina moja. Nani alinituma nimnyang'anye jina?

Lakini babu hakutaka tena picha ya karatasi. Alikuwa amesikia kwamba ndege yenyewe inaruka. Alipanda basi la Korogwe na fimbo yake na shuka safi, Abraham akamwamkia shikamoo kwa unyenyekevu na kumpa kiti chake chenye mto. Nikawasha. Ndege ikatokea kiwanjani, imelowa, mlango wake wa kijani umetugeukia. Babu aliinama mpaka pua ikakaribia kioo.

"Ndiye huyu," akasema. Akaweka kidole kwenye mlango. Machozi yalimtoka kwenye jicho lile bovu pia, jambo ambalo sikujua linawezekana.

Akaniambia niirushe. Nikairusha. Jangwa likaisha, bahari ikaanza, na babu, ambaye hajawahi kuniomba kitu, akaanza kucheka kidogo kidogo kama anayesindikiza mgeni wa heshima.

"Sasa itue," akasema. "Nione alikoshukia."

Najua kutua. Ningeweza kuiteremsha popote pale, nimwambie ni mji fulani, na mzee angerudi nyumbani ana furaha. Kisiwa kilianza kuonekana kwa mbali. Mikono ikakataa. Nikaisimamisha ndege hapohapo angani, juu ya maji.

Babu hakunitazama. "Nani amekwambia?"

"Mzungu mmoja, babu. Ilianguka baharini. Wote."

Akaitazama ile bahari muda mrefu. Abraham, aliyekuwa amesimama nyuma yetu na soda, aliirudisha mezani taratibu. Mwisho babu akauliza kama pale chini kuna kina kirefu. Nikasema kipo. Akaitikia kwa kichwa, akaokota fimbo.

Tulipanda basi, tukapita Sindeni. Hapo akasema, "Leo jioni nitamwambia Siamanta. Atanyoa. Na wewe tutakutafutia jina." Nikamwambia tunyamaze, babu, atajuaje, muda wake umebaki kidogo. Akajibu kwamba hata marehemu muda wake umepita sana, na kila tunapomtaja tunamzuia kulala. Nilikuwa na hasira naye, nina hasira naye mpaka leo.

Tuliteremka njia panda tukaanza kutembea. Boma lilipoonekana, nikamwona bibi Siamanta amesimama langoni, kiganja juu ya macho. Alitutambua. Akaweka mikono mdomoni, akaniita kwa lile jina, akivuta mwisho wake mrefu, vile anavyomwita mtu aliyekuwa mbali sana.

Niliona haya kuitikia, nikijua ninachokijua. Bibi akaita tena.

Babu akasimama. Akanishika mkono juu ya kiwiko, akanibana.

"Itika," akasema. "Itika vizuri, asikie."

Nikaitika.