Waliomwinua Gikonyo

Ukitaka kusikia ubishi usio na kichwa wala miguu, ungefika steji ya baiskeli pale Kithimani asubuhi yoyote ukawakuta Nzau na Gikonyo. Watu wazima hao, kila mmoja na watoto wanaomwita baba, wakibishana ni keria ya nani, kile chuma cha mzigo nyuma ya baiskeli, imebeba kreti nyingi za mishiri, yale maharagwe machanga yanayolimwa kando ya mfereji wa Yatta na kwenda kuliwa na watu wasiojua Yatta iko wapi. Gikonyo alikuwa na mdomo. "Mkamba wangu," angesema, "hii baiskeli yako inalia kama mbuzi amesahaulika kwa kamba. Itie mafuta ama uiuze." Nzau naye angejibu kwamba Mkikuyu akikwambia uuze kitu, ujue ameshapata mnunuzi. Wangecheka hapo, wakwee baiskeli zao, waondoke wakifuatana kwenda mashambani. Miaka yote ilikuwa hivyo.

Steji ile ilikuwa na sheria zake, na nyingi zilikuwa za kipuuzi tu, za nani aegeshe wapi na nani anunue chai akichelewa. Moja peke yake haikufanyiwa mchezo. Ilitoka kwa kifo cha Gathogo, mwenzao aliyeteleza siku ya mvua akaanguka katikati ya barabara ya Garissa na kuvunjika mguu. Mguu tu, jamani! Wenzake wakasimama kando wakijadiliana aitwe nani, ashikwe wapi, na huku wanajadiliana lori la mchanga likaja likammaliza mbele ya macho yao. Tangu walipomzika wakakubaliana: mwenzetu akianguka, anaondolewa lami kwanza, maneno mengine yatafuata. Kila mgeni wa steji alifundishwa hilo kabla hata ya kuonyeshwa pa kununua uji. Mwenyekiti wao, Mutiso, aliisema sheria hiyo ameinua kidole, utadhani anasoma amri kumi.

Sasa asubuhi yenyewe. Jua lilikuwa limetoka, kwa hivyo asikudanganye mtu kwamba ilikuwa giza. Walikuwa wanarudi kutoka mashambani, Gikonyo mbele na kreti zake zimejaa, Nzau nyuma kidogo, mnyororo umemtoka na anaurudisha huku akilaani. Gikonyo akaingia lami. Kutoka upande wa Thika gari dogo la bluu likachomoka nyuma ya trela, likipita mahali pasipopitwa. Nzau aliinua kichwa akaona yote. Aliona gari likijaribu kurudi upande wake, akaona gurudumu la nyuma la baiskeli likikunjika, akamwona rafiki yake akirushwa na kuangukia mgongo. Mishiri ilimwagika barabara nzima.

"Nzau!" Gikonyo aliita akiwa chini, na sauti ilikuwa yake kabisa. "Uuui, Nzau, mgongo! Mgongo wangu!" Mguu wake wa kulia ulikuwa unapiga lami kwa uchungu, kisigino juu, kisigino chini, kandambili imeruka kando. Nzau aliuona mguu huo. Wengine walikuwa bado wanakimbia kutoka steji, hawakuuona.

Dereva akatoka garini akiyumba. Alikuwa mama wa makamo, puani damu, na jina lake, kama walivyokuja kujua baadaye, lilikuwa Emily. Mkono mmoja ulishika simu, mwingine aliupunga hewani. "Msimwinue!" alipiga kelele. "Jamani, msimguse! Ambulensi nimeita, inakuja! Msimsogeze hata kidogo!"

Ebu jiweke pale. Mtu amegonga rafiki yako sasa hivi, mbele yako, halafu anakuamuru umwache chini. Wale wanaume wote walielewa jambo moja: huyu mama anataka Gikonyo afie hapo. Mutiso alimjia juu. "Nyamaza wewe! Umemgonga, sasa unataka kutufundisha?" Mmoja akapiga boneti ya gari kwa ngumi, mwingine akauliza ni nani ako na kiberiti. Matusi yakamiminika, ya Kiswahili na ya Kikamba, mengine siwezi kuyarudia hapa. Nzau hakutukana mtu. Aliangalia barabara akaona lori linakuja, dogo bado kwa mbali, akamkumbuka Gathogo.

"Mshikeni!" alisema. "Haraka! Anatoka lami!"

Wakamshika, mmoja makwapani, mmoja kiunoni, mmoja miguuni, wakamwinua juu. Gikonyo alipiga yowe ambalo Nzau hajawahi kulisikia kwa mtu wala kwa mnyama, kisha akanyamaza. Walitupa kreti za Nzau chini, wakamketisha Gikonyo juu ya keria yake, wawili wakamshikilia kila upande, kichwa kikimwangukia kifuani, na Nzau akashika usukani akaanza kusukuma mbio kwenda zahanati. Hivyo ndivyo walivyojua kubeba mtu. Kwa baiskeli zile walishabeba wajawazito, wagonjwa wa malaria, wazee walioishiwa pumzi, na mara moja padri, mwaka mvua ilipokata barabara. Nzau alisukuma akilia na kuomba, na ndani ya kilio hicho, Mungu amsamehe, kulikuwa na fahari kidogo. Alikuwa amewahi. Safari hii lori lilipita likakuta mishiri tu.

Zahanati haikuweza kumtibu. Wakampeleka hospitali kubwa Machakos mjini, na huko, baada ya picha na sindano nyingi, daktari akamwita Nzau pembeni kwa sababu Wangechi, mke wa Gikonyo, alikuwa ameketi sakafuni hawezi kusikia neno. Daktari alikuwa kijana mpole, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Uti wa mgongo umeumia," alisema. "Kutoka kiunoni kwenda chini hana hisia. Nieleze, alikujaje zahanati?"

"Tulimbeba kwa baiskeli."

"Ameketi?"

"Ameketi. Tulimshika vizuri, daktari."

Daktari alitoa kalamu. "Na akiwa bado chini barabarani, kabla hamjamwinua. Ulimwona akisogeza miguu?"

Nzau alielewa swali hilo vizuri kuliko alivyowahi kuelewa jambo lolote. Aliuona tena ule mguu, kisigino juu, kisigino chini.

"Sikuona," alisema.

Daktari aliandika kitu, akamgusa bega, akaenda.

Basi ungedhani huzuni inamwacha mtu apumzike nayo. Wapi! Kesho yake steji nzima ilishuka barabarani. Baiskeli zililazwa lami, pande zote mbili, magari yakapanga foleni mpaka huko, na wanaume wakaimba wakidai matuta na adhabu kwa dereva. Wafanyabiashara wa soko walifunga vibanda wakajiunga nao. Mutiso alipanda juu ya kreti akazungumza mpaka sauti ikapotea. "Huyu mama angetuachia maiti!" alisema. "Kama si Nzau, leo tungekuwa tunachimba kaburi! Nzau, simama wakuone!" Wakamwinua Nzau mabegani. Wakamwimbia. Mabega ya watu yalikuwa chini yake, jua usoni, na Nzau alitamani lami ipasuke immeze. Aliposhushwa alikwenda nyuma ya kibanda cha uji akatapika.

Hakwenda hospitali juma lile. Alijiambia ana kazi, alijiambia nauli hana, alijiambia mambo mengi. Mke wake akamuuliza, "Kwani mlikosana na Gikonyo?" na Nzau akamfokea kwa mara ya kwanza tangu waoane. Jumapili ilipofika alitoka kanisani akaenda, kwa kuwa kutokwenda kulikuwa kumekuwa kuzito zaidi.

Nje ya wodi, kwenye benchi, alimkuta Emily. Bandeji ilikuwa puani, mapajani chupa ya maji ya matunda na mikate miwili. Wangechi alikuwa amekataa kumwona, lakini alikuja vilevile, alikuwa anakuja kila siku baada ya kuripoti polisi kama alivyoagizwa. Nzau alitaka kupita. Miguu ikakataa.

"Mama," alisema. "Siku ile ulisema tusimwinue."

Emily aliinua macho. "Nilifundishwa kazini, mambo ya huduma ya kwanza. Lakini ni mimi nilikuwa nimemgonga, baba. Nani angenisikiliza?" Akaanza kulia, bila sauti, machozi yakishukia bandeji. "Nilikuwa nakimbilia mazishi, nikaona trela linanichelewesha. Ni hivyo tu. Sina sababu nyingine." Nzau aliketi mwisho wa benchi. Alikuwa amekuja na chuki yake yote tayari, na sasa hakujua aiweke wapi.

Gikonyo alikuwa amelala chali, amekonda uso, shuka imenyooka juu ya miguu. Wangechi alimwachia Nzau kiti akaenda kufua. Wanaume wawili wakasalimiana, habari, nzuri, watoto je, wazima. Gikonyo hakumtania. Hilo peke yake lilitosha kumvunja Nzau.

"Umechelewa kuja," Gikonyo alisema.

"Nilikuwa naogopa."

"Unaogopa nini?"

Nzau alishika chuma cha kitanda. "Ulikuwa unapiga mguu. Pale chini. Mguu wa kulia. Niliuona, Gikonyo, niliuona kwa macho yangu, halafu nikasema tukuinue. Daktari akaniuliza nikamwambia sikuona." Yalitoka yote kwa pumzi moja, na alipomaliza alikuwa analia wazi mbele ya wodi nzima. Mzee wa kitanda cha pili akageukia ukuta.

Gikonyo alitazama dari. "Mimi nilijua," alisema mwishowe. "Miguu ilikuwepo. Ilikuwa inauma vibaya, lakini ilikuwepo. Mliponinyanyua nikasikia kitu mgongoni, ka! Miguu ikaenda. Nilisema mniweke chini."

"Hukusema!"

"Nilisema, Nzau. Nilisema mara mbili. Mlikuwa mnamtukana yule mama."

Toroli la chakula lilipita, sahani zikigongana.

"Nenda uwaambie wa steji," Gikonyo alisema. "Mtu mwingine ataanguka. Kile kijisheria chetu, kibadilisheni. Wengine wasimamishe magari, baiskeli zilazwe lami kama mlivyolaza mkiandamana, na aliyeanguka aachwe mpaka wenye machela waje."

Kumbe walikuwa na uwezo huo siku zote. Walijua kufunga barabara kwa hasira, hawakuwahi kufikiri kuifunga kwa ajili ya mtu aliye chini.

Nzau aliwaambia Jumatatu. Alisimama kati ya baiskeli akasema yote, la mguu, la daktari, la sauti ya Gikonyo iliyosema wamweke chini na hakuna aliyesikia. Yule aliyeshika miguu siku ile alikaa chini polepole, akajifunika uso kwa kofia. Mutiso alikuja juu kwanza, akasema hizo ni hadithi za daktari na za mwenye gari, wanataka kuwabandika kosa lao. Halafu akakatiza maneno yake, akamgeukia Nzau.

"Na lori je, Nzau?" aliuliza. "Lile lori lingemkuta."

"Sijui," Nzau alisema. "Labda lingesimama. Labda lingempita juu. Sitajua mpaka nife."

Walibadilisha sheria siku hiyohiyo. Mutiso ndiye aliyeisema mpya, bila kidole juu, na baada ya kuisema alikwea baiskeli akaenda nyumbani bila kubeba mzigo.

Jumapili iliyofuata Nzau alimkuta Gikonyo amegeuziwa ubavu, mito miwili nyuma ya mgongo. Alimweleza yaliyopita steji, nani alisema nini, nani alilia. Gikonyo alisikiliza, akatingisha kichwa. Nzau akakusanya nguvu zote alizokuwa nazo.

"Nisamehe," alisema.

Gikonyo aliivuta shuka mpaka kifuani. "Nikikumbuka ulivyonisukuma ukilia, nakushukuru," alisema. "Asubuhi wakija kunigeuza kama gunia, nakuchukia. Nakuchukia sana, Nzau, sikufichi. Usiniulize leo."

"Nikuulize lini?"

"Sijui. Lakini uwe unakuja. Hata nikikutukana, njoo."

Nzau huenda kila Jumapili. Siku hizi Gikonyo yuko nyumbani, na Nzau humkanda mgongo, humwogesha, humtoa nje kwenye jua akaone watu. Wakati mwingine hucheka, wakati mwingine Gikonyo hugeuza uso akakataa kusema naye mpaka jioni. Nzau bado hajathubutu kumuuliza tena.