Suti ya Mpiga Besi

Jumatatu asubuhi Nanyama alikuwa barazani kwake, chini ya fleti za Bugolobi, akifumua pindo la kaptula ya mtoto wa shule aliyerefuka likizo nzima bila kumtaarifu mama yake, ndipo Papa Luzolo akaja na suti mkononi. Papa Luzolo hakuhitaji kujitambulisha. Alikuwa kiongozi wa Orchestra Nzela Molai, bendi ambayo hata askari wa kambi ya kule juu Mbuya walikuwa wakizima lori ili waisikilize vizuri. Bendi ilikuwa safarini kwenda Lusaka. Dirisha la ndege likapasuka angani, rubani akatua Entebbe, na sasa wanamuziki wote walikuwa loji ya hapo mtaani, wakingoja kioo kutoka Ulaya.

Mtaa ulikuwa haukaliki. Wasichana walisukwa upya, wanaume walipita mbele ya loji wakijifanya wametumwa chumvi, na mwenyekiti wa mtaa, Mzee Erinayo, alikuwa amevaa tai tangu Jumamosi na, kwa ushahidi wa mke wake, analala nayo.

Papa Luzolo aliitandaza suti juu ya cherehani. Ilikuwa ya buluu, kola nyeusi, viwiko vimetoboka.

“Ziba viwiko tu, mama. Usipunguze, usiongeze. Wa kuivaa tutampata hapa hapa.”

Nanyama akauliza mpiga besi wao amefanyaje. Papa Luzolo akaelekeza kidevu kwenye ngazi za loji. Mpiga besi alikuwa ameketi pale, amepungua mpaka suruali anaishikilia kwa mkono.

“Huyo amekwisha,” akasema, kama mtu anayezungumzia kipande cha sabuni.

Fundi hawezi kushika nguo asiipime. Nanyama akatembeza futi yake mgongoni, kwapani, begani. Bega la kulia lilikuwa limeshuka, na mkono wa upande huo mrefu kwa upana wa kidole. Akapima tena, kisha akakunja futi. Bega lile lilishushwa na magunia ya kahawa. Lilikuwa la Khaemba, mume wake, Mkenya, kuli wa ghala kule viwandani, mtu ambaye hajashika gitaa maishani, na ambaye kanisani akianza kuimba watu humwomba akatembeze kapu la sadaka.

Jioni hiyo akapunguza suruali shubiri nzima. Asubuhi suruali ilikuwa na urefu wake wa jana, na uzi umejirudisha kwenye rili, umezungushwa vizuri kuliko anavyozungusha yeye. Uzi huo akamalizia ile kaptula. Kwa nini upotee? Jumanne akaikata mikono yote miwili kwa mkasi. Mikono ikarudi mahali pake, na vipande alivyokata navyo vikabaki kapuni. Akavishonea mifuko.

Hakuwa na la kumwuliza mtu, maana mambo ya bendi yalijulikana. Jirani yake Zubaida, Mnubi aliyekuwa akifua nguo na mashuka ya loji, alikuwa amekwisha kuwasimulia wote. Bendi inaitwa ya Kinshasa, lakini usingizini kila mmoja anamwita mama yake kwa lugha ya kwao. Mpiga ngoma anamwita kwa Kinyamwezi, wa tarumbeta kwa Kibemba, mwimbaji mwenyewe kwa Kiacholi safi. Wakiamka hawakumbuki chochote. Walichukuliwa mmoja mmoja, kila mji ambako ndege iliharibika. Mtaa ulisikia hayo, ukatikisa kichwa, ukarudi kusimama mbele ya loji.

Jumatano Nanyama aliifumua suti yote. Akaikata upya kwa vipimo vya Kamis, mume wa Zubaida, dereva wa lori mwenye mabega kama kabati. Alikuwa anaunga mgongo Zubaida alipoingia na birika la chai. Zubaida akatazama.

“Hayo ni mabega ya Kamis.”

Nanyama hakukataa. “Ni ya Kamis.”

Zubaida akakaa, akamimina chai. “Basi tusigombane, dada. Mimi jana nilienda kwa mwenyekiti. Nilimwambia hiyo suti ni ya bwana yako. Nilijua siku ile naifua, ile bega moja iko chini.”

“Ukamwambia kwa nini?”

“Aliuliza kama ni ya Mkenya ama ya Mnubi. Wengine hakuuliza. Ungekuwa wewe, ungesema nini?”

Jibu la Nanyama lilikuwa pale kwenye cherehani. Mwezi uliopita bunduki zilikuwa zimelia mpakani Busia, na tangu hapo Mkenya yeyote pale mtaani alidaiwa barua ya kukaa, ambayo mwenyekiti hakuwa tayari kuiandika. Wanubi walikuwa wamedaiwa miaka mingi kabla yao. Zubaida akamwongezea sukari. Wakanywa chai yote. Asubuhi suti ilikuwa ya Khaemba.

Alhamisi mchana wakakusanyika uwanjani. Vijana wa mtaa walijaribu kwanza, kwa adabu ya kufungua shughuli. Mmoja ikamfunika hadi magotini, mwingine vifungo vikamgomea, na kila anayeshindwa alishangiliwa akaenda kukaa na mama yake. Kisha Mzee Erinayo akatuma watu wamlete Khaemba kutoka ghalani. Akaja na vumbi la kahawa kichwani.

Nanyama akamsimamia mbele.

“Baba Simiyu, twende nyumbani. Tukamate basi la Bungoma leo leo.”

Khaemba akawatazama majirani. Mwezi mzima watu hawa walikuwa wakipishana naye kimya, wakitazama viatu vyao. Sasa walikuwa wanampigia makofi, na Mzee Erinayo anamwita mwana wetu.

“Dakika moja tu, mama Simiyu,” akasema. “Si unaona wamefurahi?”

Suti ikamkaa. Vidole vyake vikatafuta nyuzi kabla hajapewa gitaa, na alipopewa, besi ikatembea ardhini mpaka masufuria yakaitikia jikoni. Watu wakacheza vizuri sana siku ile; hilo hakuna aliyelikana. Muziki ulipokwisha Nanyama akamwita mume wake kwa jina. Aligeuka yule wa tarumbeta, akadhani anaitwa yeye. Khaemba alikuja baadaye, akampa mkono kwa heshima.

“Asante kwa viwiko, mama,” akasema kwa lafudhi ya Kinshasa. “Wewe ni fundi.”

Kioo cha ndege kikapatikana saa hiyo hiyo. Ilionekana kilikuwa kimetiwa tangu Jumanne. Bendi ikaondoka, na mpiga besi wa zamani akabaki kwenye ngazi, suruali mkononi. Mzee Erinayo akamwongoza hadi mlangoni kwa Nanyama na kumkabidhi barua ya kukaa yenye mhuri na jina la Khaemba.

“Nyumba haikai bila mwanaume, nyabo.”

Nanyama akampa yule mpiga besi chakula, akala. Akampima suruali, akampunguzia. Hiyo ilikubali kupunguzwa. Usingizini alimwita mama yake kwa lugha ambayo hakuna mtu mtaani aliyeijua.

Wiki iliyofuata mwenyekiti alianza kumdai barua Ochola, Mkenya fundi viatu, akamwuliza pia kama anajua kupuliza kitu chochote.

Jumapili bendi ilitangazwa redioni, moja kwa moja kutoka Lusaka. Redio nzuri ilikuwa ya Nanyama, kwa hiyo watu wakajaa barazani kwake, Zubaida na Kamis wakiwa mbele. Mzee Erinayo akainua kidole besi ilipoingia, akawaambia watoto wasikilize mwana wa Bugolobi. Wale wa nyuma wakalalamika kwamba hawasikii, wakamwomba mama aongeze sauti.

Nanyama akaongeza.