Wanaotakiwa Kwenye Mpango

Ifahamike kwa walimu, wanafunzi, wapishi na kuku wote wa shule hii kwamba Mpango wa Maendeleo ya Vijana wa Jimbo unapokea maombi ya kwenda mafunzoni, na watakaopokelewa ni wafuatao tu: aliyewahi kushika mkia darasani, aliyewahi kuunguza uji, na yeyote ambaye mwalimu amewahi kumwambia, "Wewe, sijui utakuja kuwa nani." Waombaji wafike bwaloni Jumamosi saa nne, wakiwa wameoga.

Tangazo hilo halikutoka ofisi yoyote. Lilitoka chini ya blanketi la Msumari, msichana wa kidato cha pili aliyepewa jina hilo kwa sababu kila aliyekaa karibu naye aliishia kuruka. Tangazo halisi, la mwalimu wa nidhamu, lilitaka wanafunzi kumi bora, wale wale wa kila mwaka. Msumari alilibandua, akabandika lake, akangoja kucheka.

Jumamosi alijibanza nje ya dirisha la bwalo na rafiki yake Chiriku.

"Hatakuja mtu," Chiriku alinong'ona. "Nani atajitangaza mjinga?"

"Subiri, shoga. Mjinga hajijui."

Wa kwanza kufika alikuwa Polepole, msichana aliyelala kitanda kilicho chini ya cha Msumari. Alikuwa na kigugumizi, na darasani hajawahi kunyoosha mkono. Lakini vifaranga wa shule, waliokuwa wakifa kila wiki, waliacha kufa tangu alipoanza kuwalea kwenye boksi lenye taa. Leo alikuwa amepiga pasi sketi yake mpaka ingeweza kusimama yenyewe, na mkononi alishika daftari lake: nani kala, nani kaharisha, nani kapona.

Msumari alifungua mdomo acheke, akaufunga.

Nyuma ya Polepole wakaja wawili, wakaja watano, foleni ikafika ishirini na tatu.

Afisa wa mpango, mama mmoja mnene aliyevaa raba, alitandaza fomu mezani. "Karibuni, wanangu. Kila mwaka huwa naletewa kumi hapa, wamenuna utadhani wako msibani. Leo kulikoni?"

"Ta-tangazo limesema na-natakiwa," Polepole alijibu.

Hakuna aliyecheka. Mama alifungua lile daftari, akasoma ukurasa mzima, akafunua wa pili. "Nani kakufundisha kujua kama boksi limepoa?"

"Vi-vifaranga wenyewe. Wakisikia baridi wa-wanabanana."

"Haya. Tunapokea kijana yeyote, wa kwanza hata wa mwisho. Imebaki sahihi ya shule tu."

Hapo ndipo mwalimu wa nidhamu alipoingia, tangazo lake lililokunjamana likiwa mkononi. "Nani kawaita hawa? Wamebandua tangazo langu, wakaandika upuuzi wao! Mama, sitii sahihi. Mwaka huu haendi mtu. Tokeni!"

Foleni ilianza kumeguka kutoka nyuma. Polepole akafunga daftari. "Sa-samahani, mwalimu," alisema, kana kwamba kosa lilikuwa lake.

Msumari aliijua adhabu: wiki mbili nyumbani, mbele ya baba asiyejua utani hata wa dawa.

Chiriku alimvuta. "Kaa chini! Asiyekuwepo na lake halipo."

Lakini Msumari alishapanda dirisha. Kuzunguka mlangoni kungempa nafasi ya kughairi. Sketi ikanasa kwenye komeo, akabaki ananing'inia, nusu ndani, nusu nje, macho yote yakimtazama.

"Msumari! Unatafuta nini dirishani?"

"Nilikuja kucheka, mwalimu. Tangazo nimeandika mimi. Lako nimebandua mimi. Hawa hawana kosa, waliniamini tu. Niliwaita niwacheke, na sijaona hata mmoja wa kuchekwa. Niadhibu mimi, ila Polepole aende. Tafadhali."

Mama wa mpango akamsogezea mwalimu kalamu. Mwalimu aliitazama kalamu, akaitazama foleni, akashusha pumzi ndefu. Kisha akavuta kiti na kuanza na fomu ya Polepole.

"Jumatatu ofisini kwangu," alisema bila kuinua kichwa. "Na ulikuwa na nani huko nje?"

"Peke yangu, mwalimu."

Nje ya dirisha mtu akapiga chafya.

"Na Chiriku," Msumari akakiri.