Hatuli kwa Mhitaji

Jumapili ile mwinjilisti Kornelio alisoma matangazo kama kawaida yake, polepole, miwani imefungwa kwa uzi nyuma ya masikio. Alisoma ndoa, akasoma zamu ya kufagia kanisa, kisha akafika kwa wahitaji watakaohudumiwa na Kamati ya Diakonia mwezi huo. Wa kwanza alikuwa mzee mmoja mgonjwa wa pumu. Wa pili nilikuwa mimi.

"Mama Secilia, mjane, mguu," alisoma Kornelio, akageuza karatasi.

Basi. Hivyo tu, kama vile mguu ndio ukoo wangu.

Nilikuwa nimeketi benchi la mbele, ninapoketi tangu kanisa letu lilipoezekwa bati. Benchi zima liligeuka kunitazama, na nyuma yangu nikasikia mtu akisema "maskini" kwa sauti ya huruma. Nimeitwa mengi katika maisha yangu, na mengine nilistahili. Maskini sijawahi.

Nieleweke. Kamati ile niliianzisha mimi, na nimekuwa mwenyekiti wake kwa miaka kumi na moja. Nimelimia wajane, nimekandika nyumba za wazee, nimebeba wagonjwa kwa machela hadi barabarani huku nikiimba, maana kupumua peke yake niliona ni uvivu. Halafu mwezi wa nne, masika imechachamaa, nikateleza kwenye tuta nikiwa na mzigo wa majani ya ng'ombe, mguu ukavunjika. Nilikaa na plasta wiki kumi. Ilipofunguliwa, mguu ulikuwa mwembamba kama mpini wa jembe, lakini ulikuwa mguu na niliutembelea. Shamba ndilo lililokuwa halijaguswa na vuli ilikuwa inakaribia. Hilo niliona ni jambo langu na Mungu wangu, si la kusomwa kanisani.

Ibada ilipokwisha nilimvizia Janeth mlangoni. Janeth ni katibu wa kamati, mwalimu wa shule ya msingi, binti niliyemfundisha mwenyewe nyimbo za watoto akiwa hana meno ya mbele. Nilipolala na mguu, yeye ndiye aliyekaimu nafasi yangu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Nifute."

"Nikufute wapi, Mama?"

"Kwenye hiyo orodha yako. Sasa hivi, kalamu si unayo?"

Janeth alishusha pumzi. "Mama, shamba lako magugu yamefika kiunoni. Mvua zikianza hujapanda, utakula nini?"

"Nitakula magugu."

"Mama."

"Haya, njooni," nilisema. "Lakini njooni kwa msaragambo. Mnilimie, niwapikie, na mguu ukikaa sawa nije kulima kwenu. Hivyo ndivyo wazazi wetu walivyofanya, na hakuna aliyesomwa kwenye karatasi."

Nilijua ninachosema. Katika msaragambo anayelimiwa ndiye mwenye shughuli. Anapika, watu wanakula na kumtania kuhusu chumvi, na kesho yake analima kwa mwenzake. Hapo huwezi kumtambua mwenye shida na asiye na shida, wote wana matope.

"Haiwezekani, Mama," alisema Janeth kwa upole uliozidi kunikera. "Wewe uko kwenye orodha ya wahitaji. Na kanuni ya nne inasema hatuli kwa mhitaji."

"Mpuuzi gani aliyeandika hiyo kanuni?"

Janeth alitazama chini. Daftari la kamati lilikuwa kwapani mwake, na mwandiko wa ukurasa wa kwanza wote ulikuwa wangu.

Niliiandika mwaka wa themanini na tatu, na ilikuwa na maana yake. Mwaka ule sukari ilikuwa ya foleni, sabuni ya kusimuliwa, na nguo tulizigeuza nje ndani. Ukienda kumsaidia mjane akakupikia, umemla. Ndipo nikaweka kanuni: tunakwenda na chakula chetu, tunakunywa maji yetu, mwenye nyumba hatumgusi hata chumvi. Nyumba ya kwanza kuijaribia ilikuwa ya Bi Hadija wa Kwai, mjane Mwislamu ambaye ukuta wake ulianguka kwa mvua. Tulikwenda watu saba, tukausimamisha kwa siku moja. Mchana akatoka na sinia limefunikwa kitambaa. Nami nikamwambia, kwa sauti niliyoifanyia mazoezi njiani, "Tumekuja na chakula chetu, dada, usijisumbue." Akasema haya, akarudi ndani na sinia lake. Nilirudi nyumbani nikiimba, nikijiona mtakatifu wa kutosha.

Sasa ilikuwa miaka ya ruksa. Maduka ya Soni yalijaa sukari kwa magunia, sabuni za kila rangi na mitumba hadi ya kumvalisha mbuzi, na malori yalishuka Mombo yamebeba kabichi zetu. Kila kitu kilikuwa kimebadilika isipokuwa kanuni ya nne.

Wiki nzima nilikasirika, na Ijumaa nikaacha kukasirika nikaanza kukoboa mahindi. Mtu akija kwangu na jembe, atakula kwangu. Kama kamati haikunipa msaragambo, nitaupika mwenyewe. Jumamosi alfajiri niliinjika makande kwenye chungu kikubwa, mahindi na maharage, nikatia kitunguu na maziwa ya ng'ombe wangu. Nikakata na maparachichi sita. Nilipika nikichechemea na nilikuwa na furaha kuliko siku yoyote tangu masika.

Walifika watu kumi na wanne, Kornelio akiwa mbele na jembe begani.

"Onga maundo, dada Secilia," alinisalimu kwa Kisambaa.

"Tiwedi, kaka. Karibuni shambani kwangu." Neno kwangu nililivuta kidogo.

Nani aseme uongo, walilima. Walianzia tuta la juu wakashuka, wakiimba sauti nne, na wakati jua linafika utosini magugu yalikuwa yamelala na udongo mweusi unatazama juu. Nilisimama nikiwatazama. Kazi ile mimi na mguu wangu tungeimaliza Krismasi.

Kisha wakapanda hadi uani, wakanawa, wakakaa kwenye nyasi. Nilitoka na sahani kwa furaha ya bibi harusi. Nilifunua chungu. Harufu ikatoka, ikawazunguka wote mmoja mmoja, na nikaona kijana mmoja wa kwaya akimeza mate.

Wote walimtazama Janeth.

"Tumekuja na chakula chetu, Mama," alisema Janeth, "usijisumbue."

Ilikuwa sauti yangu. Upole ule ule, na kichwa kimeinamishwa upande kidogo, maana hata hilo nilimfundisha. Akafungua kikapu na kutoa viazi vya kuchemsha vilivyopoa tangu asubuhi. Wakagawana, wakaanza kutafuna kimyakimya, nami nimekaa kwenye kigoda changu na mwiko mkononi, mgeni katika ua wangu mwenyewe.

Nilitarajia kukasirika. Hasira naijua, tunaelewana. Lakini kilichokuja kilikuwa aibu, na haikuwa ya leo. Nilimwona Bi Hadija amesimama na sinia lake, anasema haya, anageuka. Miaka yote nilikumbuka ukuta tuliousimamisha. Uso wake ndio kwanza nauona.

Niligonga chungu kwa mwiko.

"Naitisha kikao cha kamati."

Kornelio alisimamisha kiazi njiani. "Kikao, dada? Hapa?"

"Mwenyekiti ni nani?"

Walitazamana. Hakuna aliyewahi kuniondoa. Janeth alikuwa akikaimu tu.

"Ni wewe, Mama," alisema Janeth, "lakini mhitaji hawezi kuongoza kikao kinachomhusu yeye mwenyewe."

"Imeandikwa wapi? Kanuni niliziandika mimi, na hiyo sikuiweka. Akidi imetimia. Ajenda ni moja, kufuta kanuni ya nne. Katibu, andika."

Janeth alifungua daftari. Akiitwa katibu ni lazima aandike, ndivyo alivyo.

"Mwaka wa themanini na tatu," nilisema, "tulimjengea ukuta Bi Hadija wa Kwai. Alitupa chakula nikakikataa mbele ya watu. Nilidhani namhurumia. Leo nimekaa hapa, nyinyi mnakula viazi baridi mbele ya chungu changu, na imeniuma. Nasema wazi, imeniuma kuliko mguu. Mmenilimia shamba lote, Mungu awabariki, lakini mkiondoka hivi mtaniacha nimelimiwa kama kaburi. Mtu akishindwa kulima anaweza kupika. Akishindwa kupika anaweza kutoa maji. Msimwache mtu bila cha kutoa. Nimemaliza. Wanaokubali wanyooshe mikono."

Mkono wa kwanza ulikuwa wa Kornelio, na tayari ulikuwa umeshika sahani. Ukafuata wa yule kijana wa kwaya, kisha kama mvua. Janeth aliandika kwanza. Alihesabu mikono, akaandika idadi, akapiga mstari kwa rula, ndipo akainua wa kwake. Macho yake yalikuwa mekundu kidogo.

"Chumvi imepungua, Mama," alisema baada ya kijiko cha kwanza.

"Siku ya kwako nitakuja kulima, tutaona chumvi yako," nilimjibu, na watu wakacheka, na Janeth akarudia sahani mara mbili. Chungu kilikwanguliwa hadi kikang'aa. Viazi alivila ng'ombe.

Wakati wa kuondoka Janeth aliniuliza kama afute jina langu kwenye orodha. Nilifikiri kidogo. Nikamwambia aliache hadi mguu unyooke, ila atafute namna nyingine ya kulisoma.

Jumatatu nilichukua fimbo, nikapanda njia ya Kwai. Mwendo wa saa moja kwa watu wenye miguu miwili mizima, kwangu ulikuwa wa saa mbili na nusu. Bi Hadija alikuwa uani anachambua maharage. Nywele zilikuwa zimegeuka nyeupe chini ya mtandio, lakini ukuta wetu ulikuwa umesimama vizuri nyuma yake.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Wewe si yule wa kanisani, wa ukuta?"

"Ndiye mimi. Nimekuja kula kile chakula."

Hakuniuliza chakula gani. Alisogeza ungo pembeni.

"Hakikuwa chakula," alisema. "Ilikuwa chai. Ya sukari."

Nilikaa chini bila kukaribishwa. Mwaka wa themanini na tatu.

"Uliipata wapi?"

"Nilipanga foleni Lushoto siku mbili. Nusu kilo. Nikaitia yote, maana mlikuwa saba na mlinijengea ukuta." Alianza kucheka, polepole, mabega yakitikisika. "Mlipokataa, ningeimwaga vipi? Sukari? Nikafunga mlango nikainywa yote mwenyewe. Vikombe saba. Sikulala hadi kesho yake, moyo unapiga kama ngoma ya harusi."

Alicheka hadi akajifuta macho kwa pindo la khanga, nami nikacheka naye, na katikati ya kicheko nikajikuta nalia.

"Nisamehe, dada," nilisema.

"Kaa hapo," alisema.

Aliingia ndani, akawasha moto. Nilisikia birika, nikasikia sukari ikimiminwa kutoka kwenye mfuko kwa muda usio wa kawaida. Alitoka na sinia lenye vikombe vilivyopangwa duara, vyote vinatoa mvuke, akaliweka mbele yangu juu ya mkeka. Akanipa kimoja, akakaa akinitazama hadi nilipofika chini. Ilikuwa tamu hadi meno yakauma.

Alipokea kikombe kitupu, akanikabidhi kingine.

"Bado sita," alisema.