Mama wa Babu Yake Kajetani

Jumatatu ilikuwa siku ya Ida kupumzika. Siku nyingine za kazi alizunguka Songea na kishikwambi cha kanisa, akiwauliza wazee majina ya baba zao, ya babu zao na ya waliowazaa hao babu. Alikuwa mkunga mstaafu, mjane, na alikuwa amejitolea miezi kumi na minane kwa umisionari huo wa historia za familia. Jumatatu alifua.

Saa tatu asubuhi, uani kwake Mjimwema, alikuwa anasuuza shuka ya pili. Mwanamke mmoja akaingia bila kufungua geti. Alikuwa wa miaka ishirini na mitano hivi, amejifunga kaniki, miguu ina vumbi jekundu.

"Hodi," alisema, akiwa ameshafika kwenye karai la maji. "Wewe ndiye unayeandika watu?"

"Ndiye mimi. Lakini leo sipo kazini. Ungekuja kesho."

"Nimengoja tangu kabla Wajerumani hawajaja."

Ida akapiga hesabu. Mgeni alionekana wa umri wa binti wa mwisho wa Ida, ila alizaliwa kabla ya bibi yake Ida. Akafuta mikono.

"Shikamoo."

"Marahaba."

Aliitwa Chiku. Wapiganaji walimteka shambani kwao, upande wa Nakapanya, wakamleta huku. Akamzalia bwana aliyemchukua mtoto wa kiume, yeye akafa siku ya tatu. Kiswahili alijifunza baadaye, kwa watu waliozikwa jirani naye.

"Kondo la nyuma lilitoka lote?" Ida aliuliza.

"Halikutoka."

Ida akatikisa kichwa. Alishawaona wengi.

Mtoto huyo, Chiku alisema, ndiye aliyekuja kuwa babu wa mzee Kajetani, msemaji wa ukoo. Alhamisi iliyopita Kajetani alikuwa amemtajia Ida majina yote, na mahali pa mama wa babu yake alimtaja mke mkubwa wa bwana huyo, binti wa mkuu wa vita. Ida aliandika kama alivyoambiwa. Sasa akaanika shuka, akafunga mlango, wakaondoka na Chiku kwa miguu. Bodaboda ziliwapigia honi wote wawili.

Kajetani alikuwa barazani anapukuchua mahindi. Alimtazama Chiku, akaweka gunzi chini, akasimama kwa shida.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Masikio hayo ni ya baba yangu."

"Niliambiwa," alisema Kajetani.

Mjukuu wake, Dorine, alileta viti. Kajetani akaagiza kuku achinjwe. Chiku alikula ugali wote, akaomba aongezewe mchuzi. Chiku alipokuwa ananawa, Ida alieleza kilichowaleta. Utaratibu wake ulikuwa kuandika lile analolitaja msemaji wa familia, si vinginevyo.

"Kusahihisha ni dakika moja tu, mzee. Ukiniruhusu."

"Mwanangu Ida, kumjua tunamjua. Babu alimwambia baba, baba akaniambia mimi. Lakini Jumamosi ukoo unakutana, na majina yatasomwa. Nikisoma kwamba sisi tumetoka kwa mateka, wale wa nyumba ya pili watasema hatustahili kuongoza ukoo. Wanasubiri neno kama hilo tu."

"Lakini mwenyewe huyu hapa, amekaa."

"Namwona. Na kila akija nitamchinjia kuku. Jina, hapana."

"Babu," alisema Dorine, "huyu ndiye aliyetuzaa."

"Ndiyo maana nimemwamkia."

Dorine akakusanya sahani. Chiku akamgeukia Ida.

"Jina langu ni refu?"

"Herufi tano."

"Nilidhani labda halikuenea."

Walirudi Mjimwema jua likiwa bado kali. Shuka zilikuwa zimekauka. Chiku akashika pembe mbili, Ida mbili, wakazikunja. Ida alitamani kuwasha kishikwambi, na alikifuata hadi kwenye kabati. Akakiacha. Alikuwa ameahidi kutoandika kinyume cha msemaji, na ahadi hiyo, jioni ile, ilimtia aibu.

Jumamosi Ida alialikwa kwenye mkutano wa ukoo, kwa kuwa orodha aliiandika yeye. Chiku alikuwepo. Walimweka kwenye mkeka wa mbele, wanawake wakapiga magoti kumwamkia mmoja mmoja, na akapewa chakula kabla ya wazee. Kisha Kajetani akavaa miwani, akasoma. Alipomfikia babu yake alisema: "Fusi, aliyezaliwa na mke mkubwa, binti wa mkuu wa vita."

Chiku, aliyekufa kabla mtoto wake hajapewa jina, akamwinamia Ida.

"Ndiye wangu?"

"Ndiye."

"Fusi," alisema Chiku. Akarudia polepole, kama mtu anayeonja chumvi. "Fusi."

Wanawake walikuwa wameanza kupiga vigelegele kumpongeza mke mkubwa, na Chiku akapiga pamoja nao.