Dinosau Aliyeketishwa

Tangu asubuhi watu walipita kwenye karakana ya makumbusho, mjini Chaoyang, kumtazama dinosau mpya, na kila aliyepita alisema lilelile: "Manyoya hayo!" Hakuna aliyesema, "Mifupa hiyo!" Guo Shulan alisikia yote huku akizipasua mbegu za alizeti kwa meno kana kwamba zimemkosea.

Mifupa ilikuwa kazi yake. Yeye ndiye aliyelipokea jiwe lenye mifupa ya kale kutoka kwa wakulima waliolichimba, likiwa vipande vilivyoungwa kwa gundi, akalichokoa kwa sindano majira mazima ya baridi, kisha akafinyanga kila mfupa kwa plasta. Meng Yaqiu, aliyeingia ufundi nyuma yake, aliiunga mifupa kwa waya, akaivika manyoya ya rangi ya kutu, akamketisha mnyama kama kuku anayeatamia. Miguu ikafichika yote. Na leo Fundi Tong, mzee aliyewafundisha wote wawili, angesema ni nani atakayemwachia karakana. Wivu ulimjaa Shulan.

Fundi Tong alimzunguka mnyama taratibu. "Yaqiu, manyoya haya utadhani yanapumua."

Shulan akashindwa kuvumilia. "Usione vyaelea, Fundi, vimeundwa! Mbona kakalishwa? Mwenzangu kaifukia miguu yangu makusudi, sifa zote ziwe zake."

"Dada Shulan, mwache akae," Yaqiu alisema kwa sauti ya chini. "Anapendeza hivyo."

"Anakupendeza wewe! Msimamishe, Fundi aone kazi za watu."

"Nakuomba, dada. Tuongee kwanza, mimi na wewe."

"Umeona, Fundi? Anaogopa huyo!"

Hakungoja jibu. Alimshika mnyama kiunoni, akamwinua, akainyoosha miguu mwenyewe. Fundi Tong akavaa miwani, akainama. Ukucha mkubwa wa mguu mmoja ulikuwa upande wa ndani. Wa mguu wa pili ulikuwa nje.

"Shulan," alisema, "huyu ana miguu miwili ya kushoto."

Shulan alielewa papo hapo. Jiwe likipasuka, kila mfupa hugawika, nusu huku na nusu kule. Mkulima aliyekosa mguu wa kulia huchukua nusu ya pili ya wa kushoto na kuibandika, mnyama aonekane mzima auzike ghali. Ndilo jambo la kwanza ambalo Fundi Tong huwafundisha wanafunzi wake kulikagua.

"Ulijua?" mzee alimuuliza Yaqiu.

"Niliona wakati wa kuunga waya. Kila nikitaka kumwambia dada, ananifokea nisiguse mifupa yake. Nikamketisha kwanza, mpaka atakaponisikiliza."

Shulan aliachia mkono mmoja, mnyama akayumba. Yaqiu alikuja haraka akamshika upande wa pili asianguke. Shulan alitamani amchukie. Manyoya angeweza kumsamehe. Wema huu ulimuuma zaidi, maana yeye asingeuweza.